Meli Haingoji Msee wa Thika Road: Utue Siku Hiyo Hiyo ama Jana Yake?

Tuseme mambo yamejipa. Wewe na mbogi yako ya Membley mmechanga mwaka mzima, mkakataa form kibao za nyama choma pale Kamakis, na sasa mko na nafasi kwenye meli ya kitalii inayotoka Dubai Jumamosi jioni. Visa iko. Sutikesi mmeazima. Limebaki swali moja tu, na limegawanya grupu ya WhatsApp katikati: mtue Dubai Jumamosi, siku ile ile meli inang'oa nanga, ama mtoke Ijumaa mlale huko usiku mmoja?

Kuna wale wanasema kulipa hoteli na unaenda kulala kwa meli ni kuchoma doh. Kuna wale waoga wa grupu, wanaotaka kufika mapema kila mahali, hadi kwa harusi. Na kuna yule mmoja hajajibu kitu, bado anatafuta ya fare.

Wacha tukupe jibu mapema ndio usome ukijua tunaelekea wapi: nenda jana yake. Na hii story haihusu tu wenye pesa ya kula raha baharini. Vijana kibao wa Kenya wanaenda kufanya kazi kwa meli hizi, wakiwemo wa Ruiru, Juja na Makongeni. Kwao, kuchelewa kunaweza kumaanisha kazi imeenda. Lakini kuna hali ambazo kutua siku hiyo hiyo inawezekana bila ngori, na tutazitaja. Cheki hesabu kwanza.

Meli si mat ya 237

Sisi tumelelewa na matatu. Ukiachwa na 237 pale Juja, ingine iko nyuma inakuja na ngoma kubwa kuliko hiyo. Kondaa akikuona unakimbia, atagonga bodi dere asimame. Hata ndege ina huruma kidogo: ukiachwa, shirika linaweza kukuhamisha kwa ingine, hata kama utalipa tofauti ya bei.

Meli ya kitalii haina hiyo story. Inayofuata kwa safari kama yako huenda ni wiki ijayo, na tiketi yako haiijui. Halafu saa iliyoandikwa kwa tiketi ni ya meli kuondoka, na geti lenyewe hufungwa mapema. Kampuni nyingi zinataka uwe ndani dakika 60 hadi 90 kabla ya kung'oa nanga, na kuna zinazotaka mapema zaidi. Kama meli inatoka saa moja jioni, hesabu yako iishie saa kumi na moja na nusu.

Mbona wasingoje hata nusu saa? Hapa watu hudhani ni roho mbaya, lakini kuna mambo ya kazi. Orodha ya abiria lazima ifike kwa maafisa wa nchi kabla meli haijatoka. Marekani, kwa mfano, sheria inataka hiyo orodha itumwe angalau dakika 60 kabla. Pia kuna rubani wa bandari, yule nahodha wa hapo anayepanda kuiongoza meli kutoka nje, na amepangiwa saa yake. Sehemu ya kuegesha imelipiwa kwa muda, na bandari ya kesho imeshapewa saa ya kufika. Watu elfu mbili ama tatu wako ndani tayari. Wewe ni mmoja, na uko kwa taksi.

Kama unadhani tunatia chumvi, kumbuka kilichotokea Machi 27, 2024 kule São Tomé na Príncipe, ile nchi ya visiwa iliyo pwani ya magharibi ya Afrika. Meli inaitwa Norwegian Dawn iliwaacha abiria 8, Wamarekani 6 na Waaustralia 2, waliokuwa wametembea kisiwani na kampuni ya kibinafsi na wakachelewa kurudi. Mmoja alikuwa mjamzito. Walinzi wa pwani wa huko waliwapeleka kwa boti hadi karibu na meli, ikiwa bado inaonekana kwa macho. Nahodha akakataa kuwapandisha. Pasipoti zao zilikuwa zimetolewa vyumbani na kuachiwa ajenti wa bandari, kumaanisha uamuzi ulikuwa umepita.

Ikabidi waifukuze kwa ndege na kwa gari, wakipitia nchi kadhaa. Walilenga kuipatia Gambia, lakini maji yalikuwa yamekupwa na meli haikuweza kuingia bandarini, ikapitiliza. Wakalazimika kusonga hadi Dakar, Senegal. Hao ni watu walikuwa washapanda meli, mizigo yao iko ndani na majina yao yanajulikana. Wewe ambaye hata hujaonyesha sura, nani atakungoja?

Pasipoti yako haikimbii kama yao

Sasa hapa ndio shauri nyingi unazosoma mtandaoni zinaacha msee wa Kenya nje. Zimeandikiwa watu wa Marekani na Uingereza, na huwa zinasema ukikosa meli, ruka hadi bandari inayofuata uipatie huko. Kwao inaweza kufanyika. Wakiwa na kadi ya benki yenye nguvu na pasipoti inayofungua milango mingi, wanaudhika tu siku mbili kisha wanaendelea na likizo.

Wewe na pasipoti ya Kenya, swali la kwanza ni: bandari inayofuata iko nchi gani, na uko na ruhusa ya kuingia huko kwa ndege? Kuna nchi zinaruhusu abiria wa meli kushuka mchana mmoja bila visa ya kawaida, lakini hiyo ruhusa inaendana na meli. Ukija peke yako kwa mlango wa ndege, wewe ni mgeni kama mgeni mwingine yeyote. Visa ya Umoja wa Falme za Kiarabu lazima uwe nayo kabla ya kusafiri. Na kama meli inatoka Dubai, inaenda nchi nyingine, kisha inakurudisha Dubai, visa ya kuingia mara moja haikutoshi. Utahitaji ile ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu ukitoka kwa maji yao umeshatoka nchini.

Na si lazima bandari inayofuata ikupokee. Kampuni ya meli lazima ikubali upandie huko, na maafisa wa hapo wakubali pia. Hiyo barua pepe ya kuomba ruhusa utaiandika saa ngapi, ukiwa umekaa kwa kiti cha chuma, simu iko asilimia 9?

Kwa hivyo usiku mmoja wa hoteli kwa Mmarekani ni starehe ya ziada. Kwako ni sehemu ya bei ya safari, kama vile visa. Ukiweka bajeti bila huo usiku, bado hujajua safari yako inagharimu ngapi.

Safari inaanzia Thika

Wasee wengi wakihesabu masaa, wanaanzia ndege ikiruka. Wacha tuanzie nyumbani.

Kutoka Thika, Juja ama Ruiru, njia ya JKIA inayoeleweka ni kuingia Eastern Bypass pale Kamakis, upite Utawala, utokee upande wa Embakasi. Ama ushuke Thika Road hadi mjini kisha upande Expressway, ile ilifunguliwa 2022. Siku nzuri, zote ni tamu. Lakini unajua Ijumaa jioni ya Kamakis ikoje: magari ya wanaokuja kula nyama, malori, mat zinazopita juu ya vumbi, na mvua ikinyesha kidogo tu kila mtu anasahau kuendesha.

Hiyo ni siku ya kawaida. Sasa ongeza siku zisizo za kawaida, ambazo tumeona nyingi miaka ya karibuni hadi hatuwezi tena kuziita ajali:

Novemba 5, 2022, Jumamosi, marubani wa Kenya Airways waligoma. Mgomo ulidumu hadi Novemba 9 na maelfu ya abiria wakabaki wamekwama. Fikiria meli yako ingekuwa inatoka hiyo Jumamosi.

Septemba 11, 2024, wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma kupinga mpango wa kampuni ya Adani kuchukua JKIA. Abiria walipanga laini nje na masanduku yao tangu usiku. Kufikia jioni mgomo uliisha, lakini asubuhi ya watu ilikuwa imeshaenda.

Julai 7, 2025, Saba Saba, polisi walifunga barabara kuu za kuingia Nairobi, Thika Road ikiwemo. Watu wa Ruiru na Githurai walitembea. Wengine walirudi tu nyumbani.

Oktoba 16, 2025, mwili wa Raila Odinga uliwasili kutoka India. Umati ulivunja vizuizi na kuingia hadi ndani ya JKIA, na shughuli za uwanja zikasimamishwa kwa takriban saa mbili. Hakuna mtu alikuwa amepanga hiyo kwa ratiba yake ya safari. Msiba haupigi simu kwanza.

Hizo ni za hapa kwetu. Upande wa pili pia hauna adabu. Aprili 16, 2024, mvua iliyovunja rekodi ilimwagika Dubai, uwanja wa ndege ukajaa maji, na ilichukua siku kadhaa ndege kurudi kwa ratiba. Juni 23, 2025, Qatar ilifunga anga yake wakati Iran iliporusha makombora kwa kambi ya Marekani ya Al Udeid, na ndege zilizokuwa zikielekea Doha zikageuzwa. Machi 21, 2025, moto kwa kituo cha umeme ulifunga Heathrow, London, karibu siku nzima.

Angalia urefu wa hizo shida. Saa mbili, nusu siku, siku moja. Nyingi za hizi, mtu aliyeacha siku moja katikati angezipita na story ya kusimulia. Mgomo wa marubani na mafuriko ya Dubai zilidumu siku kadhaa, na kwa hizo siku moja haingetosha. Hoja ndiyo hiyo: siku moja haikulindi na kila kitu, lakini inakulinda na zile shida zinazotokea mara nyingi zaidi.

Weka doh mezani

Tufanye hesabu ya mfano, na wewe utaweka namba zako. Tuseme meli ni 110,000, ndege ni 60,000, visa na bima na mengine ni 10,000. Jumla 180,000. Hoteli ya kawaida Dubai, mkigawana wawili, tuseme kila mtu analipa 8,000 pamoja na taksi.

8,000 kwa 180,000 ni kama asilimia 4 na nusu. Kwa lugha ya mtaa: hiyo hoteli inajilipa kama nafasi ya wewe kukosa meli ni zaidi ya mara 1 kwa 22. Swali linakuwa, je, safari kutoka Thika hadi bandari ya Dubai siku hiyo hiyo inaharibika mara moja kwa 22? Kwa ndege inayotua alfajiri, pengine hapana. Kwa ndege inayotua saa kumi jioni, nani ataweka pesa yake hapo?

Lakini hesabu hiyo inafaa kampuni inayosafirisha watu elfu moja. Wewe unasafiri mara moja. Ukipoteza 180,000 za chama, hakuna safari zingine 21 za kukurudishia. Kuna watu wamebet nyumba ya Aviator wakijiambia nafasi ni nzuri, na unajua waliishia wapi. Kama hasara inaweza kukuangusha kabisa, hata nafasi ndogo ni ghali.

Usijidanganye pia kwamba ndege ikichelewa watakulipia meli. Tiketi ya ndege ni mkataba mmoja, meli ni mkataba mwingine. Shirika la ndege linakudai kukufikisha, na kwa kawaida halijui hata kama kuna meli. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imo, unakuruhusu kudai hasara iliyoletwa na kuchelewa, lakini malipo yana kikomo, na shirika likionyesha lilifanya kila lililowezekana, linaweza kuponyoka. Hiyo kesi utaipigania miezi ukiwa Ruiru, meli imezunguka na kurudi mara kumi.

Bima? Nzuri, nunua. Lakini soma pale imeandikwa kuhusu kukosa safari. Bima nyingi zinataka uwe uliacha muda wa kutosha kati ya kutua na kupanda. Ukijipangia saa mbili, watakuambia ulijitakia.

Siku hiyo hiyo ziko mbili

Hapa ndipo mabishano ya grupu hukosea. Watu wanasema siku hiyo hiyo kana kwamba ni kitu kimoja. Cheki mifano miwili, meli ikiwa inatoka Dubai saa moja jioni.

Ya kwanza: unaruka JKIA saa nne na nusu asubuhi Jumamosi. Safari ya ndege ni kama saa tano, na Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. Hiyo saa moja ndio huwa inamaliza watu. Unatua saa kumi na nusu jioni yao. Uhamiaji, kungoja sanduku, kutafuta taksi. Kutoka uwanjani hadi Mina Rashid si mbali, lakini meli zingine zinatoka Dubai Harbour, upande wa Marina, ambako ni mbali zaidi na jioni kuna jam yao pia. Geti linafungwa saa kumi na moja na nusu. Hii safari imeshaharibika hata kabla kitu chochote hakijaharibika.

Ya pili: unaruka Ijumaa saa tano usiku, unatua Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Una saa kumi na mbili na nusu kabla geti kufungwa. Ndege ikichelewa saa tatu, bado uko sawa. Ikifutwa kabisa usiku huo, huenda kuna ingine ya asubuhi na mapema. Hii kwa karatasi ni siku hiyo hiyo, lakini ni mnyama tofauti.

Ubaya wa ya pili ni wetu wa Thika Road: ndege ya saa tano usiku inataka uwe JKIA saa mbili usiku, kumaanisha unapita Kamakis Ijumaa jioni, saa mbaya kuliko zote za wiki. Kama umechagua hiyo, toka nyumbani mchana. Nenda ukae JKIA na mandazi yako. Kuchoka uwanjani ni bure, kukosa ndege si bure.

Kwa hivyo swali la kujiuliza si umbali wa saa pekee. Jiulize hivi: ndege niliyobook ikifutwa sasa hivi, kuna nyingine inayoweza kunifikisha kabla geti kufungwa, na nina pesa ama haki ya kuipanda? Kama jibu ni ndiyo, siku hiyo hiyo inaweza kujadiliwa. Kama jibu ni hapana, mjadala umeisha.

Na kama ulinunua tiketi mbili tofauti ndio upate bei poa, mfano Nairobi hadi mji mmoja na shirika hili, kisha lingine likuchukue hapo, elewa kwamba ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina deni lako. Unakuwa umeachwa na mtu ambaye hata hajui mlikuwa na miadi. Hili linawagusa sana wanaoenda kupanda meli Durban, Afrika Kusini. Huko kuna uzuri mmoja: tangu Januari 2023 Mkenya anaingia bila visa, hadi siku 90. Lakini kwa kawaida unabadilisha ndege Johannesburg, kisha King Shaka yenyewe iko nje ya mji. Ndege mbili, uhamiaji, na barabara. Hapo kulala Durban usiku mmoja hata usibishane.

Wanaoenda kazi wanajua

Ukitaka kujua kama jambo ni la maana, angalia kampuni inafanya nini na watu wake. Kampuni za meli zikileta mfanyakazi mpya kutoka mbali, mara nyingi humpeleka siku moja kabla, akalala hotelini, na asubuhi akachukuliwa na ajenti hadi bandarini. Kampuni hizo huhesabu hadi sabuni. Kama zinalipia huo usiku kwa mhudumu wa jikoni, basi zimeshapiga hesabu na kuona kumkosa ni ghali zaidi.

Kijana anayeenda kazi ana mzigo mkubwa kuliko mtalii. Ameshalipia mafunzo ya msingi ya usalama baharini, ile STCW, labda Bandari Maritime Academy kule Mombasa. Amelipia vipimo vya afya, pasipoti, kitabu cha ubaharia. Mara nyingi mamake ameuza kitu. Meli ikimwacha, nafasi yake inaweza kupewa mwingine kwa mkupuo mmoja, na yeye arudi Kiandutu na sare hajawahi kuvaa.

Kwa hivyo kama umepata hiyo kazi, uliza maswali haya kabla hujaaga watu. Natua siku gani, na napanda meli siku gani? Nani ananipokea? Nikichelewa njiani, namba gani napiga hata kama ni usiku? Ajenti mzuri hana shida kukujibu. Anayekuambia ujinunulie tiketi ya ndege inayotua saa chache kabla ya meli, tena baada ya kukuomba pesa ya kukutafutia kazi, shtuka. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini, MLC 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Hiyo si meli unapelekwa, ni shimo.

Wakati siku hiyo hiyo iko sawa

Tuliahidi kuwa wa haki. Kuna hali tatu ambazo hatutakucheka ukitua siku ya safari.

Moja, meli inalala bandarini usiku wa kwanza na kuondoka kesho yake. Safari zingine zimepangwa hivyo. Hapo kabati lako ndani ya meli ndilo hoteli, bora ujue geti linapokea watu hadi saa ngapi.

Mbili, umenunua ndege kupitia kampuni ya meli yenyewe, kama kifurushi kimoja. Hapo wao ndio wanafuatilia ndege yako, na ikichelewa kazi ya kukufikisha ni yao. Lakini usikubali maneno ya mdomo. Ahadi iwe kwa maandishi, na isome mwenyewe.

Tatu, unatua alfajiri kwa ndege ya moja kwa moja, meli inatoka jioni, na kuna ndege zingine kati.

Nje ya hizo, lala huko. Na kama bajeti imekataa kabisa, afadhali mpunguze kitu kingine. Achaneni na kifurushi cha vinywaji. Chukueni kabati la ndani lisilo na dirisha. Laleni watatu chumba kimoja Deira. Sogezeni safari miezi miwili mbele mchange zaidi. Vyote hivyo vinauma kidogo, lakini mnabaki na safari.

Ukilazimika kubet na siku hiyo hiyo, basi angalau cheza kwa akili. Beba sanduku dogo la mkononi tu ndio usingoje mizigo. Vitu vya maana, dawa, pasipoti na karatasi za meli, vikae kwako. Maliza usajili wa meli mtandaoni ukiwa bado Ruiru. Hifadhi namba ya dharura ya kampuni ya meli kwa simu na kwa karatasi. Ndege ikianza kuchelewa, wapigie hapo hapo, usingoje hadi utue. Wakijua abiria kadhaa wako kwa ndege moja, kuna wakati husubiri kidogo. Hawalazimiki, lakini hawawezi kukungoja kama hawajui uko wapi.

Rudi sasa kwa ile grupu ya WhatsApp. Yule mwoga wa kufika mapema hadi kwa harusi, leo ameshinda. Mtumie ujumbe umwambie abook hoteli, kila mtu arushe yake kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa. Yule anayesema ni kuchoma doh, muulize swali moja tu: meli ikiondoka na sisi tuko kwa foleni ya uhamiaji, mpango wako wa pili ni gani?

Akinyamaza, mmepata jibu.